MTOTO HAYUPO SHULENI: NANI AULIZE?



Mwalimu anaita majina asubuhi. Anafika kwenye jina la mtoto mmoja wa darasa la tano. Kimya. Watoto wenzake wanasema, "Hayupo, Mwalimu." Jana hakuwapo. Juzi hakuwapo. Leo ni siku ya tisa.

Mtoto huyo yuko wapi? Na kazi ya kumtafuta ni ya nani?

Hapa Ipole watu wengi watajibu upesi. Mmoja atasema, "Ni kazi ya mwalimu." Mwingine atasema, "Ni kazi ya mzazi wake." Mimi ni mganga msaidizi, nawahudumia wagonjwa wa vijijini. Naona majibu hayo yote mawili ni nusu tu.

Fikiri kidogo. Mwalimu anaona dawati tupu. Mganga anamwona mtoto anayetapika, anampa dawa, anaandika jina lake katika daftari la zahanati. Jirani anasikia kilio usiku. Mwenyekiti wa kitongoji anajua kwamba baba wa mtoto amehamia kambi ya tumbaku. Kijana wa bodaboda anajua alimpakia nani alfajiri na kumshusha wapi. Kila mmoja ana kipande kimoja cha habari. Vipande hivyo visipowekwa pamoja mtoto anapotea, na baadaye kila mtu atasema, "Mimi sikujua." Tena atakuwa anasema kweli.

Leo tutaeleza jinsi vipande hivyo vinavyokutanishwa. Shule haiwezi kumlinda mtoto peke yake. Zahanati nayo haiwezi. Polisi hawawezi. Lakini kuna njia ya kushirikiana, na njia hiyo imewekwa na sheria. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatuijui.

HATARI ZA HAPA KWETU

Ipole iko kusini ya mji wa Sikonge, mkoani Tabora. Hapa barabara inagawanyika. Moja inakwenda Mpanda, nyingine inakwenda Rungwa. Magari hupita mchana na usiku.

Wazee wanajua habari za zamani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita Tabora, kati ya Ujiji na Bagamoyo. Watoto nao walikuwamo katika misafara hiyo. Siku hizi hakuna mnyororo. Mtoto anapanda basi, amevaa viatu vipya. Mama mmoja mwenye maneno matamu amewaambia wazazi kwamba atakwenda kumsomesha mjini. Kule mjini mtoto anakuta vyombo vya kuosha, mtoto mchanga wa kubeba, na mshahara asioushika mkononi. Wazazi hawana anwani. Shule haikupewa barua ya uhamisho. Dawati limebaki tupu.

Hatari nyingine iko msituni. Hapa kwetu kuna tumbaku na kuna asali. Hizo ni mali, hatuzilaumu. Lakini angalia majira. Shule hufunguliwa mwezi wa Januari. Tumbaku nayo huanza kuiva wakati wa mvua hizo hizo. Majani hayangoji. Yakiiva leo, yachumwe leo. Basi familia nzima inahamia kambini, mbali na shule, na watoto wanakwenda pamoja na vyungu na magodoro. Wengine ni watoto wa vibarua waliotoka mikoa ya mbali. Hao hata kuandikishwa shuleni hawakuandikishwa, kwa hiyo hakuna mwalimu anayewaita majina. Kwangu mimi hao ndio wanaotisha zaidi, kwa sababu hakuna daftari lolote linalosema kwamba hawapo.

UGONJWA WA MAJANI MABICHI

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Wakati wa kuchuma tumbaku, mama anamleta mtoto zahanati. Mtoto ana umri wa miaka kumi au kumi na miwili. Anatapika. Kichwa kinamwuma. Anaona kizunguzungu, amelegea, jasho linamtoka. Mama anasema, "Ni malaria." Tunapima damu kwa kipimo cha haraka. Malaria haipo.

Hapo inafaa kuuliza swali moja: "Tangu asubuhi mtoto amefanya kazi gani?"

Jibu mara nyingi ni kwamba amechuma tumbaku ikiwa na umande, au mvua ilimnyeshea akiwa shambani, au amebeba mafungu ya majani mabichi begani.

Majani ya tumbaku yana sumu iitwayo nikotini. Ndiyo hiyo inayomfanya mvutaji asiweze kuacha sigara. Majani yakiwa na maji, sumu hiyo huyeyuka katika maji hayo na kupenya ngozi. Huna haja ya kuvuta wala kutafuna. Ngozi tu inatosha. Mtu mzima naye hupata ugonjwa huu. Lakini mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo sumu kidogo inamlemea. Hajazoea nikotini, na nguo zake mara nyingi ni shati moja lililolowa tangu alfajiri.

Ukiona dalili hizo, mtoe mtoto shambani mara moja. Mvue nguo zilizolowa. Mwoge kwa maji mengi na sabuni. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo, mlaze kivulini. Kama anaendelea kutapika, anapumua kwa shida, amelegea sana au hajitambui, usingoje kesho. Mlete zahanati. Na ukifika sema wazi kwamba alikuwa kwenye tumbaku. Usione haya. Ukificha, mganga atatafuta ugonjwa mwingine. Sema pia kama shamba lilipuliziwa dawa ya wadudu, maana sumu ya dawa hizo ni jambo jingine na matibabu yake ni mengine. Kama chupa au pakiti ya dawa hiyo ipo, njoo nayo.

Kuna mtoto mwingine ambaye hatapiki. Huyu analala darasani. Mwalimu anadhani ni mvivu, pengine anamchapa. Kumbe usiku alikuwa kwenye bani, anachochea moto wa kukaushia tumbaku. Moto wa bani hautakiwi kuzimika wala kuzidi, kwa hiyo mtu lazima akeshe. Asubuhi mtoto ana macho mekundu na kikohozi cha moshi. Mwalimu ana kipande chake: mtoto analala. Mimi nina kipande changu: mtoto anakohoa. Tukizungumza dakika tano tutajua kwamba ugonjwa ni mmoja, nao ni kazi ya usiku. Tusipozungumza, mtoto atapata viboko shuleni na dawa ya kikohozi zahanati. Vyote viwili havitamponya.

Je, mtoto asifanye kazi yoyote? Hapana, sivyo. Kuchota maji karibu, kufagia, kupalilia mahindi kidogo baada ya shule, hayo ni malezi. Sheria yenyewe inaruhusu kazi nyepesi kwa mtoto aliyefika miaka 14, mradi haimdhuru afya yake na haimzuii kusoma. Kazi ya hatari hairuhusiwi kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Kushika majani mabichi ya tumbaku, kupulizia dawa na kukesha kwenye bani si kazi nyepesi.

Jambo hili limekwisha kushughulikiwa katika wilaya yetu. Mwaka 2011 ulianza mradi uitwao PROSPER katika wilaya za Urambo na Sikonge, kwa ajili ya kuwatoa watoto katika mashamba ya tumbaku. Miradi huja na kwenda. Sheria na shule zinabaki. Kwa hiyo tuangalie yale yanayobaki.

SHERIA INAMTAKA NANI ASEME?

Mwaka 2009 Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto. Sheria hiyo inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Tena inasema jambo ambalo wengi hawajalisikia: mwananchi yeyote akiona kwamba haki za mtoto zinavunjwa, ana wajibu wa kutoa habari kwa serikali ya mitaa ya mahali pale. Haikusema mwalimu peke yake. Haikusema ndugu wa damu. Imesema mwananchi yeyote. Wewe unayesoma gazeti hili umo.

Serikali ya mitaa maana yake nini? Kwetu kijijini anza na mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Juu yao yuko mtendaji wa kata. Wilayani yuko ofisa ustawi wa jamii. Huyu ni mtumishi ambaye kazi yake hasa ni watu wasio na wa kuwatetea: yatima, watoto wanaoteswa, wazee walioachwa peke yao. Kata nyingine zina ofisa wake, nyingine hazina. Pale asipokuwapo, Bibi Maendeleo au Bwana Maendeleo wa kata hupokea habari na kuzipeleka wilayani. Ofisa ustawi wa jamii anaweza kuwaita wazazi na kuwahoji. Anaweza kufika nyumbani. Mtoto akiwa katika hatari kubwa, anaweza kushirikiana na polisi kumtoa hapo na kumweka mahali salama.

Tangu mwaka 2017, chini ya mpango wa taifa wa kuondoa ukatili, zimeundwa pia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika vijiji, kata na wilaya. Katika kamati hizo hukaa pamoja mtendaji, mwalimu, mhudumu wa afya, ofisa maendeleo, viongozi wa dini na wawakilishi wa watoto. Hiyo ndiyo meza ya kuwekea vipande nilivyovitaja. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, jinsi watu walivyokaa kikundi kizima kuzunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kamati nzuri ni kama kikundi kile. Kamati mbaya ni majina kwenye karatasi ya ukutani.

NJIA YA HABARI

Sasa turudi kwa mwalimu. Kipimo chake cha kwanza ni daftari la mahudhurio. Ni kama kipimajoto changu. Mtoto akikosa siku moja, huenda ana homa. Akikosa siku kadhaa mfululizo bila taarifa, hapo homa imepanda. Akikosa kila Jumatatu, au kila siku ya mnada, hiyo pia ni habari.

Mwalimu hana budi kuuliza kwa wanafunzi wenzake, kwa upole, bila kumtangaza mtoto. Kisha amjulishe mwalimu mkuu. Shule impelekee mzazi ujumbe. Mzazi asipotokea, mwalimu mkuu amwandikie mtendaji wa kijiji. Kuandika ni muhimu. Neno la mdomo husahauliwa njiani. Barua ina tarehe, na mtu aliyeipokea hawezi kusema hakuambiwa.

Mtendaji anakwenda nyumbani au anamtuma mwenyekiti wa kitongoji. Kama familia iko kambini, viongozi wa chama cha msingi cha tumbaku wanajua kambi ya nani iko wapi, kwa sababu ndio wanaoandikisha wakulima. Wafuga nyuki wanajua njia za msituni. Sungusungu wanajua wageni walioingia. Watu hao wote waulizwe. Wakati mwingine jibu ni jepesi: mtoto hana sare, anaona haya. Au mama ni mgonjwa na mtoto ndiye anayemwuguza. Hapo haihitajiki polisi. Hapo inahitajika zahanati imfikie mama, na kijiji kiangalie kama kaya hiyo imeandikwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Fedha za mpango huo zinaambatana na masharti ya mtoto kwenda shule na watoto wadogo kwenda kliniki. Ada nayo si kisingizio tena. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na Januari 2016 elimu bila ada ilifikishwa mpaka kidato cha nne.

Lakini wakati mwingine jibu si jepesi.

KAMA MTOTO AMEINGILIWA

Hili ni jambo zito, ila lazima tulitaje. Mwaka 2009 ulifanywa utafiti nchi nzima kuhusu ukatili kwa watoto. Vijana wa miaka 13 mpaka 24 waliulizwa. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana ni kama 1 kati ya 7. Soma tena, na wavulana wamo. Mara nyingi anayefanya si mgeni. Ni mtu anayejulikana nyumbani au jirani.

Mtoto huenda akamwambia mwalimu anayempenda. Huenda akamwambia bibi yake. Ukiwa wewe ndiye uliyeambiwa, msikilize. Usimwulize, "Ulikuwa unafanya nini kule?" Usimwahidi kwamba utaficha, maana ahadi hiyo hutaweza kuitimiza. Mwambie kwamba amefanya vizuri kusema na kwamba utamtafutia msaada. Usimhoji mara tatu, mara nne mbele ya watu mbalimbali. Kuhoji kwa kina kuna wenyewe. Kila akirudia maneno yale, anaumia upya.

Kisha tazama saa. Katika jambo hili saa ndiyo dawa. Zipo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visimwingie mtoto. Lazima zianzwe ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na kuanza mapema ni bora zaidi. Hutumiwa kwa siku 28. Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo zipo dawa za kuzuia mimba, nazo zina mwisho wa siku tano, lakini nguvu yake hupungua kila siku inayopita. Zipo dawa za magonjwa ya zinaa. Kama zahanati haina dawa hizo, itampeleka mtoto haraka kwenye kituo cha afya au hospitali yenye nazo.

Usimwogeshe mtoto kabla hajapimwa. Usifue nguo alizovaa. Ziweke katika mfuko wa karatasi au uzifunge kwa kitambaa kikavu, uje nazo. Mganga atahitaji kuziona, na polisi pia.

Watu wengi huniuliza juu ya fomu ya polisi, PF3. Fomu hiyo ni muhimu kwa kesi. Lakini mtoto aliyeumia atibiwe kwanza. Ukiwa karibu na zahanati kuliko polisi, njoo zahanati, fomu itafuata. Ukiwa karibu na polisi, anza huko, lakini usikae benchi mpaka saa 72 zikaisha. Katika vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, lenye askari waliofundishwa kuzungumza na watoto. Katika baadhi ya hospitali kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono. Hapo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wako pamoja, na mtoto hazungushwi mlango hadi mlango.

Kesi za watoto zinazofikishwa katika Mahakama ya Watoto hazisikilizwi hadharani. Umati hauruhusiwi. Nasema hivi kwa sababu wazazi wengi huogopa aibu ya mtoto kutajwa mbele ya kijiji.

NG'OMBE HAMTIBU MTOTO

Sasa tuzungumze wazi, baba zangu na mama zangu. Naomba mnisamehe, mimi ni mdogo kwenu. Lakini nyote mnajua desturi ya kumalizana. Binti wa shule amepata mimba. Wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mwembe. Ng'ombe wanatajwa, au fedha. Kesho yake binti anaolewa au anasafirishwa kwa shangazi, na mwalimu anaambiwa, "Amehama." Mwalimu anaandika "mtoro" katika daftari. Zahanati inamwona mara ya kwanza siku ya uchungu, akiwa na miaka 15. Nyonga zake bado hazijakomaa, na hatujawahi kumpima damu wala kumpa dawa ya kuongeza damu. Mimba ya mtoto ni mimba ya hatari. Ni lazima ajifungulie hospitali, na ni lazima aanze kliniki mapema.

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Mtu anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Anayesaidia ndoa ya namna hiyo naye ana kosa lake. Wakuu wa shule wanatakiwa kuweka kumbukumbu za mambo haya na kuyatolea taarifa. Kwa hiyo mwalimu anapouliza si mchonganishi. Ametumwa na sheria.

Wako wanaosema kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Ni kweli iliandikwa hivyo. Lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo: msichana na mvulana, wote wawe miaka 18.

Na binti aliyekwisha kujifungua? Asikae nyumbani akidhani shule imemfunga. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaweza kurudi katika shule ya kawaida. Huyo naye yumo kati ya watoto wa kutafutwa. Bibi akimshika mjukuu asubuhi, mama yake atasoma.

"NITAONEKANA MBAYA"

Najua woga huu. Kijiji ni kidogo. Leo umesema habari za mtoto wa jirani, kesho unahitaji jembe lake. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini hawakusema mkono wa pili utapokewa kwa furaha kila siku.

Ipo njia kwa mtu anayeogopa. Piga simu namba 116. Ni huduma ya simu kwa mtoto, na kupiga ni bure. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Mtu mzima pia anaweza. Huhitaji kuwa na hakika ya kila kitu. Kuhakikisha ni kazi yao na ya ofisa ustawi wa jamii. Wewe sema ulichoona: mtoto ni wa umri gani, yuko kitongoji gani, umeona au kusikia nini, na lini. Usiongeze chumvi. Habari iliyoongezwa chumvi huharibu ile ya kweli.

Na sisi tunaopokea habari tuna deni pia. Aliyesema arudishiwe neno. Kama jirani amekuja kusema na hakuna aliyemwambia kilichofuata, mara ya pili hatakuja. Si lazima aambiwe siri za mtoto. Aambiwe tu, "Tumefika pale, jambo linashughulikiwa." Kwa maoni yangu kamati nyingi hufia hapo. Habari inakwenda mbele, hairudi nyuma. Mwalimu anaandika barua, haijibiwi, anaandika nyingine, haijibiwi, mwisho anaacha kuandika.

Kuna siri zinazopaswa kutunzwa. Majibu ya damu ya mtoto si ya mkutano wa kijiji. Mimi sitamwambia mwalimu mtoto ana ugonjwa gani. Nitamwambia tu, "Mtoto huyu atahitaji ruhusa kila baada ya wiki mbili, tafadhali asichapwe wala asiulizwe mbele ya wenzake." Mwalimu mwenye busara haulizi zaidi.

MTOTO AKIRUDI

Watu hufurahi siku mtoto anaporudi darasani, kisha husahau. Majuma yale ya kwanza ndiyo ya hatari. Amepitwa na masomo. Wenzake wanamnong'ona. Kama alikuwa kwenye tumbaku, deni la baba bado lipo na majani bado yapo shambani. Kwa hiyo mwalimu atazame daftari lake kila siku. Mtendaji apite kwao tena baada ya wiki chache, hata kama hakuitwa. Zahanati imwone katika tarehe aliyopangiwa, na asipofika, tuulize. Shule siku hizi zinatakiwa kuwa na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto pamoja na walimu wa ushauri. Mzazi, fahamu ni walimu gani katika shule ya mwanao. Mtoto naye afahamu, tena kabla hajapata shida.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Utakapokaribia, waombe viongozi waweke jambo hili katika ajenda. Siku ya mkutano simama uulize mambo mawili. Muulize mwalimu mkuu: ni watoto wangapi wameandikishwa shuleni kwetu, na jana walikuwapo wangapi? Kisha mwulize mtendaji: wale wasiokuwapo, barua zao ziko wapi?